Alama ya X si Ilani

Msomaji wetu wa Changamwe, Mombasa, anaandika kwamba mumewe alipofariki waliuza gari, banda lake likabaki bure. Akaita fundi, wakaziba lango kwa mawe, wakatoboa dirisha upande wa barabara na kuweka kaunta. Duka lilipoanza kupata wateja, wakaja askari wawili wa kaunti. Mmoja alichora X ya rangi nyekundu ukutani. Mwenzake akamvuta kando na kumwambia kwamba mambo yanazungumzika. Tangu siku hiyo mama huyu hulipa kila mwisho wa mwezi, na ile X ingalipo. Anauliza: akikataa kulipa, watabomoa?

Mama, tuanze na lile linalouma. Fundi alikupotosha aliposema kwamba ukuta ni wako, ufanye utakavyo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 haiangalii ujenzi mpya peke yake. Inagusa pia badiliko kubwa la matumizi ya jengo lililopo. Banda likigeuka duka au bedsita ya kupangisha, unahitaji kibali cha kaunti. Kifungu cha 57 kinaweka faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Lakini kosa lako halimpi askari ruhusa ya kukugeuza shamba lake. Kaunti ikitaka uvunje au urekebishe, kifungu cha 72 kinaitaka ikupe ilani ya maandishi, inayotaja ulichokiuka, unachotakiwa kufanya na muda uliopewa. Ukiipokea, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi, nayo inapaswa kuamua ndani ya siku 30. Usiporidhika, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Juu ya hayo, kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu za uamuzi unaokuumiza. Sasa unaelewa kwa nini vijana hao hubeba kopo la rangi badala ya barua. Barua ina tarehe, ina sahihi, na inakufungulia njia ya rufaa.

Wengi hunaswa hapo. Wanadhani wakilipa wamepata kinga, kumbe hawajapata chochote. Mpokeaji akihamishwa, atakayekuja hakujui. Tingatinga likifika, hakuna stakabadhi ya kuonyesha. Tena Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa kama anayepokea, kwa hiyo kila malipo yanakuongezea kosa la pili, zito kuliko lile la ukuta. Acha kulipa, mama.

Peleka ombi la kibali sasa. Soma kwanza hati yako ya ardhi, kwani ploti nyingi za kukodishwa na serikali zina sharti la makazi pekee, na hapo utahitaji kuomba mabadiliko ya matumizi. Usimpe dalali faili. Wapo wanaokula ada na kuiacha ramani kwenye droo. Hakikisha stakabadhi ya kupokelewa kwa ombi ina jina lako na tarehe, maana kifungu cha 58 kinasema kaunti isipokujibu kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabika kimetolewa. Bila stakabadhi hiyo, utathibitishaje siku hizo zilianza lini?

Sheria yenyewe nayo ina lawama. Kiwango cha juu cha faini ni kilekile kwa mjane aliyetoboa dirisha na kwa tajiri aliyesimamisha ghorofa kumi bila kibali. Ramani ya mtaalamu aliyesajiliwa inaweza kugharimu kuliko mawe na saruji ya banda zima. Bunge lingeweka utaratibu mwepesi na wa bei nafuu kwa marekebisho madogo ya nyumbani, biashara hii ya X ingekosa wateja.

Wakirudi mwisho wa mwezi, waombe ilani ya maandishi, kisha nakili majina yao na namba zao za kazi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina afisi hapo hapo Mombasa, na kupiga ripoti ni bure.