Somo: Mganga na mgonjwa wajenge uaminifu



Tumezoea kufikiri kwamba muuguzi akipata diploma amemaliza kujifunza. Sivyo. Dawa hubadilika, na watu anaowahudumia hubadilika pia. Jana alihudumia majirani aliokua nao, leo anapokea familia zilizokimbia vita, zenye lugha nyingine na machungu mengi. Kwa hiyo kuishi vizuri na wagonjwa ni kazi ya kujifunza na kurudia kujifunza, sawa na kushona kidonda au kuzalisha.

Lengo la somo: kuelewa mambo ambayo watumishi wa afya wanapaswa kuendelea kujifunza juu ya uhusiano mwema, na sehemu yetu sisi wenyewe katika kazi hiyo.

1. Uaminifu ukikosekana, dawa haimfikii mgonjwa

Tuchukue mfano. Mama mmoja amebakwa alipokwenda kutafuta kuni. Kituo cha afya kina dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Dawa hizo huanzwa mapema iwezekanavyo, na lazima kabla saa 72 hazijapita. Dawa ya kuzuia mimba nayo hutolewa ndani ya siku 5. Lakini mama huyu alisikia kwamba muuguzi mmoja wa pale alitaja jina la mgonjwa mbele ya watu kwenye bomba la maji. Anaona haya, anakaa kimya. Anafika kituoni siku ya nne, na muda wa ile dawa ya kwanza umekwisha kupita.

Sanduku la dawa halikuwa tupu. Kilichokosekana ni uaminifu. (Hata hivyo, aliyechelewa asikate tamaa. Aende: bado kuna vipimo, matibabu ya maambukizo mengine na ya majeraha, na msaada kwa moyo ulioumizwa.)

2. Tuliyojifunza Beni na Butembo

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, nayo ikafika Ituri. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua, na zaidi ya 2,200 wakafa. Chanjo ilikuwepo, na vituo vya matibabu vilijengwa. Lakini raia wa Beni walikuwa wameona mauaji kwa miaka mingi, na wengi waliuliza: mbona magari mengi yanakuja kwa Ebola, na hayakuja tulipochinjwa? Mnamo Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama, na hasira ikawaangukia watumishi wa afya. Vituo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa Butembo akiwa kazini.

Hakuna uchungu unaoruhusu kumwua mganga. Lakini waganga nao walijifunza kitu. Huko Beni vilitumiwa vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha ndani, ili familia imwone mgonjwa wake na kuongea naye. Waliopona Ebola walisaidia kulea watoto wa wagonjwa. Familia zilipoweza kuona maziko na kumwombea marehemu wao, woga ulipungua. Kilichofichwa huzaa uvumi. Kinachoonekana huzaa uaminifu.

3. Mambo matano ambayo mtumishi wa afya ajifunze tena

- Kusalimia na kujitambulisha. «Mama, karibu. Ukae hapa. Mimi ni muuguzi wa zamu.» Maneno haya hayagharimu hata faranga moja.
- Kusikiliza hadi mwisho. Asimkatize mgonjwa, wala asimlazimishe kusimulia yale asiyotaka kusema. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011, unafundisha hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kuunganisha ni kumfikisha mtu kwenye msaada anaouhitaji.
- Kutunza siri. Habari za mgonjwa haziendi sokoni, wala kanisani, wala kwa chifu, bila ruhusa yake.
- Kueleza kwa lugha ya mgonjwa. Baada ya kueleza, aulize: «Baba, nyumbani utawaelezaje namna ya kumeza dawa hii?» Mgonjwa akikosea, muuguzi ajue kwamba yeye ndiye hakueleza vizuri, naye aeleze tena.
- Kuomba radhi. Muuguzi aliyemfokea mgonjwa na kusema «Nisamehe, nilichoka» hapotezi heshima yake.

Mambo haya hayahitaji semina ya hoteli. Katika nchi yetu wauguzi wakuu wa vituo hukutana kila mwezi kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya. Saa moja ya mkutano huo inatosha: muuguzi mmoja acheze mgonjwa aliyekimbia, mwingine amhudumie, wengine waangalie na kusema walichoona. Mwezi unaofuata wabadilishane.

4. Sehemu yetu sisi

Uhusiano una pande mbili. Muuguzi naye ni mtu. Wengine wamekimbia kama sisi, na wengi hukaa muda mrefu bila mshahara wa serikali. Hilo si sababu ya kutukana wagonjwa, lakini ni sababu ya sisi kumwendea kwa heshima.

Tukikosewa, tusiseme «wale wa kabila fulani ndivyo walivyo». Kosa ni la mtu, si la kabila lake. Tupeleke malalamiko kwa utaratibu: kwanza kwa muuguzi mkuu, kisha kwa kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ile tunayoiita CODESA, ambamo raia wana wawakilishi wao. Viongozi wa kambi waombe kwamba wakimbizi wa ndani nao wawe na sauti humo, mwanamume na mwanamke. Na muuguzi akifanya vizuri, tumshukuru mbele ya watu. Shukrani pia hufundisha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni kitu gani kinachotuzuia kwenda kituo cha afya mapema? Je, ni pesa, njia, woga, au haya?
2. Katika kambi yetu, mama aliyebakwa anajua ni wapi pa kwenda kabla ya saa 72? Nani anaweza kumsindikiza bila kutoa siri yake?
3. Nani anatuwakilisha katika CODESA? Kama hakuna, nani atakwenda kuuliza, na siku gani?

Msiachane kabla ya kujibu swali la tatu kwa jina la mtu na tarehe. Juma linalofuata, mtu huyo awaletee kikundi jibu alilopata.