SOMO LETU: KICHANJA CHA VYOMBO NA SHIMO LA MAJI MACHAFU



Katika hoteli kubwa ipo mashine ya kuosha vyombo. Fundi anayeifunga hutazama mambo mawili: isimame imara, na maji machafu yapate njia. Kwa wengi wetu wa Arua na Koboko, kilichopo uani ni kichanja, na masharti yake ni hayo hayo. Sahani ikianikwa chini hulambwa na mbwa na kukanyagwa na kuku. Kesho mtoto anaharisha, na kibarua anayebaki kumuuguza hukosa ujira wa siku hiyo. Basi somo hili ni la mshahara pia.

Kusimamisha kichanja

1. Kata nguzo nne za mkaratusi, kila moja mita 1 na nusu. Paka oili chafu ya gari sehemu itakayozama ardhini, maana mchwa wa kwetu hawana huruma. Fito za kuwekea sahani usizipake kamwe.
2. Zamisha nguzo nusu mita, jaza mawe na udongo, shindilia. Itikise kila nguzo. Ikicheza, shindilia tena.
3. Funga fito ukiacha nafasi ya vidole viwili. Maji yadondoke, jua na upepo vikaushe. Kitambaa kichafu hurudisha vijidudu.

Kuondoa maji

1. Upande wa mteremko, mbali na ukuta wa nyumba na angalau mita 30 kutoka kisimani, chimba shimo la mita 1 upana na mita 1 kina.
2. Panga mawe makubwa chini, madogo juu yake, kisha kokoto.
3. Chini ya kichanja tandika matofali yenye kuinama kidogo, uchimbe mfereji mpaka shimoni.
4. Kumba mabaki ya chakula kabla ya kuosha. Mabaki na mafuta huziba shimo. Maji yakituama, toa mawe ya juu, yaoshe, yarudishe.

Ndugu, wengi tumepanga vyumba vyenye ua mmoja. Kichanja cha wote kisicho na zamu huoza mapema. Kaeni kikao, gawaneni kazi na gharama. Umoja hauishii langoni mwa kiwanda.

Maswali ya kujadiliana

1. Uani kwenu maji ya vyombo huishia wapi?
2. Wiki hii zamu ya kusafisha shimo ni ya nani?