Saudia haina filimbi

*"Nimetoka gereza la Lang'ata baada ya karibu miaka mitatu. Niliingia na kitindamimba akinyonya, sasa ana miaka mitatu na nusu. Binti yangu wa miaka kumi alibaki kwa mama yangu, akaambiwa niko Saudia. Nilinunua sanduku sokoni Gikomba nikaingia nalo mtaani. Shida ni mdogo: akisikia filimbi anasimama mlangoni ahesabiwe. Namfundisha aseme tulikuwa Saudia. Baba yao ameshaoa. Nihamie wapi?"* Mama wa Wawili, Nairobi

Dada yangu, kosa lako nimelikata kwenye barua, maana mahakama ilishalimaliza. Kuhama, hama ukipata kodi. Kazi ya kuajiriwa huenda ikadai cheti cha maadili mema, basi anza na biashara ndogo. Mume aliyeoa mwache huko huko.

Lililonikera ni neno "namfundisha". Sheria ya Kenya humruhusu mtoto kukaa gerezani na mama yake hadi miaka minne kwa sababu hana hatia ya kumfanya atenganishwe naye. Wewe sasa unamtwika kazi ya kulinda siri. Huko ndiko alikojifunza kutembea na kusema. Ukimkataza kupataja, unamwambia karibu maisha yake yote ni aibu. Na hiyo Saudia imekuchafua kuliko jela. Mama aliyeenda kazi Saudia hupiga simu usiku kazi zikiisha, hutuma pesa za viatu. Binti yako amekaa karibu miaka mitatu akiamini ulikuwa na simu na hukumpigia. Mfungwa amezuiwa na kuta. Huyo mama wa sanduku alizuiwa na nini?

Utasema mwanamke hasamehewi. Kweli. Mwanamume akitoka gereza la Kamiti mara nyingi humkuta mke aliyekuwa akimpelekea sabuni. Wewe umekuta kitanda kina mwenyewe. Ndiyo maana sikutumi ukajitangaze kwenye kibanda cha mboga. Jirani hakudai chochote. Binti anakudai. Na iwapo atamwambia rafiki shuleni? Pengine atamwambia, na utachekwa wiki mbili. Lakini mdogo atasema tu, leo au Krismasi, mbele ya wageni, na hapo binti atajua kwamba hata bibi yake alimdanganya.

Mketishe kabla ya Jumapili, bibi akiwepo. Mwambie kosa, mwambie miaka, mwambie hukuwa na namna ya kurudi kwake. Kisha filimbi ikilia, mwache dada mtu aende mlangoni amshike mdogo mkono.