Barafu, Maji na Mvuke: Tafakuri kwa Wazazi

Ndugu Waislamu, wapo wazazi wanaomwambia mtoto wa madrasa kuwa fizikia haimhusu. Mimi nafundisha dini, na nasema inamhusu.

Tazameni maji. Yakiwa barafu, chembe zake zimeshikana, zinatetemeka tu mahali pake. Barafu ikiyeyuka, zinateleza na kupishana. Maji yakichemka, zinaachana na kutawanyika. Chembe ni zile zile. Kilichobadilika ni mwendo na nafasi.

Tena vitu vingi vikiganda husinyaa, bali maji hutanuka kwa takriban asilimia 9, barafu ikaelea. Ndiyo maana katika nchi za baridi ziwa huganda juu, na samaki wakaishi chini.

Qur'ani inatuamrisha kutafakari viumbe. Mtoto tuliyemnyima elimu hii atatafakari nini?