Homa imeshuka, kwa nini mtoto apimwe moyo?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miezi mitano alishikwa na homa wiki nzima, macho mekundu, midomo imepasuka. Malaria haikuonekana. Homa imeshuka yenyewe na sasa ngozi ya vidole inabambuka. Hospitali wanasema apimwe moyo. Moyo wa nini, na homa imekwisha? – Mama, Katesh, Hanang

JIBU: Mama, mpeleke leo. Ugonjwa wanaoushuku, Kawasaki, huweza kupoza mwili huku ukiendelea kuharibu mishipa inayoulisha moyo damu. Hata Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani aliyeandika habari za wagonjwa 50 mwaka 1967, mwanzoni alidhani hauachi alama. Ni vifo vya ghafla vya watoto waliohesabiwa wamepona vilivyofunua madhara ya moyo. Kuta za mishipa hiyo huvimba, hulegea, kisha hutuna. Katika wiki ya pili na ya tatu, homa ikiwa imeshaondoka, chembe sahani zinazogandisha damu huongezeka, na bonge huweza kuziba palipotuna. Kichanga hawezi kusema kifua kinamuuma. Hulia, hukataa ziwa, hupauka. Watoto wasipotibiwa, takriban mmoja kati ya wanne hupata mishipa iliyotuna. Dripu ya imunoglobulini ndani ya siku 10 tangu homa ianze huishusha hatari hiyo hadi karibu mmoja kati ya 20.

Utaambiwa huo ni ugonjwa wa Wajapani. Kweli, kwao ndiko unakoonekana zaidi, lakini mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Aga Khan, Dar es Salaam, walichapisha taarifa ya watoto wawili waliougua hapa nchini. Homa yenye vipele ni rahisi kuandikwa surua au mzio wa dawa, na ugonjwa usiotafutwa hauingii kwenye daftari. Wengine watasema malaria, homa ya mapafu na maambukizi ya mkojo ni mengi zaidi. Ni sawa, yapimwe kwanza. Lakini vipimo visipotoa jibu na homa ikavuka siku ya tano, swali la moyo liulizwe, hasa kwa aliye chini ya miezi sita: dalili zake huwa chache na hatari yake ni kubwa kuliko ya wakubwa zake. Macho mekundu yasiyo na tongotongo, ulimi mwekundu wenye vipele, mikono iliyovimba, au kovu la chanjo ya BCG lililowiva upya, hata dalili moja tu, itajwe kwa daktari.

Pingamizi zito zaidi ni umbali na gharama. Dripu ya imunoglobulini ni ghali, na kutoka Mbulu au Hanang hadi hospitali ya KCMC, Moshi, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni safari ya kukopa nauli. Ndiyo maana siku zihesabiwe mapema: anzeni hospitali ya wilaya au ya Haydom, mwombe rufaa kabla ya siku ya kumi. Kwako wewe, hata kama siku hizo zimepita, kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kitaonyesha kama kuna mshipa uliotuna, na hospitali itaamua juu ya aspirini ya dozi ndogo. Usimnunulie dukani; kwa mtoto ina hatari zake. Nenda na kadi ya kliniki, juu yake umeandika tarehe homa ilipoanza. Daktari ataanzia hapo.