Mgonjwa si Mfungwa: Fahamu Haki Zako Ukiingia Hospitalini

Mnamo Septemba 2010, wiki chache baada ya Katiba mpya kuzinduliwa Agosti 27, mama mmoja alijifungua katika Hospitali ya Kina Mama ya Pumwani. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani hakuwa na pesa za kulipa bili, kwa hivyo akazuiliwa hapo na mtoto wake mchanga kwa siku 24, akilala sakafuni. Novemba mwaka huo huo, mama wa pili alizuiliwa kwa siku sita kwa sababu hiyo hiyo.

Kina mama hao walifika mbele ya Mahakama Kuu mwaka wa 2012. Septemba 17, 2015, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao za uhuru, utu na afya. Mmoja alipewa fidia ya Sh1.5 milioni na mwenzake Sh500,000. Serikali nayo iliamriwa ichukue hatua za kukomesha tabia ya kuwafungia wagonjwa kwa ajili ya deni, na kuweka utaratibu ulio wazi wa kuwasamehe malipo wale wasiojiweza.

Wakati kina mama hao walipozuiliwa, Pumwani ilikuwa chini ya Baraza la Jiji la Nairobi. Tangu ugatuzi wa 2013 hospitali hiyo ni ya kaunti. Kesi hii basi inatuhusu sisi wenyewe, na ndiyo maana somo la toleo hili linaanzia hapo. Hospitali hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1926 imezalisha vizazi vya watu wa Eastlands. Ukisimama stejini Donholm asubuhi, kuna uwezekano mkubwa kwamba yule aliye mbele yako kwenye foleni alizaliwa Pumwani, au mtoto wake alizaliwa huko.

Haki yenyewe imeandikwa wapi? Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Maneno hayo “kinachoweza kufikiwa” yana uzito wake. Hayamaanishi kwamba kila zahanati ya mtaa itakuwa na mashine ya CT kesho asubuhi. Kifungu cha 21 kinaitaka serikali ipige hatua baada ya hatua hadi haki hiyo itimie. Lakini ziko haki ambazo hazingoji bajeti. Heshima haingoji bajeti, na kutofungiwa pia hakungoji. Kifungu hicho hicho cha 43 kinaongeza kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Hapa kwenye dharura tukae kidogo, kwa kuwa ndipo watu wetu hupoteza maisha. Oktoba 2015 mwanamume mmoja aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Nchi nzima ilikasirika. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya 2017, na kifungu chake cha 7 kinaeleza matibabu ya dharura ni nini: huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitalini, kuimarisha hali yake, na kupanga apelekwe kwingine ikiwa kituo cha kwanza hakina uwezo. Kituo chenye uwezo kikikataa kumhudumia, kinaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni.

Tuseme bodaboda imeanguka kwenye Outering Road na abiria anavuja damu. Wasamaria wema wanampeleka kliniki ya kibinafsi iliyo karibu. Kliniki hiyo haiwezi kusema, “Leteni kwanza depositi.” Itazuia damu, itafanya iwezalo, kisha ipange safari ya kwenda Mama Lucy Kibaki au kwingineko. Katiba inazifunga hospitali za watu binafsi sawa na zile za serikali. Jambo ambalo wengi hukosea ni kudhani kwamba dharura ni bure. Bili inaweza kuja baadaye. Kisichoruhusiwa ni kuitanguliza mbele ya uhai.

Na bili ikikulemea? Usitoroke usiku, wala usikae kitandani ukingoja muujiza. Omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo ndiye anayechunguza hali yako na kupendekeza usamehewe malipo yote au sehemu yake, au mkubaliane ulipe kidogo kidogo. Mwone mapema, siku ya pili au ya tatu ya kulazwa, usingoje hadi saa ya kuruhusiwa. Hospitali ikikudai, ina njia ya kukudai kisheria kama mdai mwingine yeyote. Mlinzi wa lango si njia hiyo.

Jisajili pia na SHA ukiwa bado mzima. Huduma za kimsingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya vya mitaani kwetu, hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa aliyesajiliwa. Kwa ngazi ya 4 kwenda juu, lazima michango yako iwe imelipwa.

Haki ya kupewa maelezo ndiyo inayovunjwa kimyakimya zaidi. Sheria inataka uelezwe unaugua nini, kuna matibabu gani, manufaa na hatari zake, na gharama yake, tena kwa lugha unayoelewa. Usipoelewa, uliza tena. Daktari akisema neno la kitabibu mwambie, “Daktari, nieleze kwa Kiswahili.” Huko si kumkosea adabu. Unaweza kukataa matibabu baada ya kuelezwa madhara ya kukataa, na unaweza kutafuta maoni ya daktari wa pili. Sahihi unayotia kabla ya upasuaji ina maana tu ikiwa umejua unachokubali.

Siri zako ni zako. Matokeo ya vipimo hayasomwi kwa sauti dirishani foleni ikisikiliza, na kwa upande wa HIV, sheria ya mwaka wa 2006 inafanya kufichua hali ya mtu bila idhini yake kuwa kosa.

Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013 unataja pia wajibu wa mgonjwa, na hapa tuambiane ukweli. Muuguzi wa zamu ya usiku anayetukanwa na jamaa za mgonjwa hawezi kufanya kazi vizuri. Sema ukweli kuhusu dawa ulizomeza, zikiwemo za kienyeji. Na ukiona aliyekuja baada yako ameitwa kwanza, huenda si upendeleo: wagonjwa hupangwa kulingana na hali zao, na mtoto anayepata degedege atapita mbele ya mwenye kikohozi cha wiki mbili.

Ukitendewa vibaya, kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya kinakupa haki ya kulalamika na lalamiko lako kuchunguzwa. Anza na msimamizi wa kituo. Andika tarehe, saa, idara, na jina lililo kwenye beji ya aliyekuhudumia. “Yule sista mrefu” hatoshi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Usipojibiwa, nenda kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo yako. Lalamiko kuhusu daktari au hospitali yenyewe hupokelewa na Baraza la Madaktari, KMPDC. La muuguzi hupelekwa kwa Baraza la Wauguzi. Ucheleweshaji na huduma mbovu katika ofisi za umma ni kazi ya Ombudsman, ambaye hatozi ada. Kwa kunyimwa dharura au kuzuiliwa, iendee pia Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Kabla ya kuondoka hospitalini, omba muhtasari wa matibabu yako na uuhifadhi pamoja na risiti zote, hata ile ya kadi. Hizo ndizo karatasi za kwanza ambazo kila moja ya ofisi hizi itakuuliza.