Anza na Adui: Kumwandika Shujaa wa Pwani ya Kisimayu

Watazamaji wa mashujaa wa televisheni wana lalamiko moja lisilochakaa: steringi ana mbio kuliko risasi, lakini mwizi wa benki anamponyoka. Waandishi wa The Flash, mfululizo wa Marekani ulioanza 2014, walikutana na tatizo hilo mapema. Katika misimu mitatu ya kwanza adui mkuu alikuwa kila mara mkimbiaji mwenzake, maana mtu wa kawaida angekamatwa kabla hajafunga kamba za viatu. Fedha walikuwa nazo. Kilichopungua ni adui mwenye hesabu zake.

Basi wewe wa Chula, Koyama au Kisimayu mjini, au uliyezaliwa Mombasa baada ya vita vya 1991 kuwahamisha wazee wako, ukitaka kumwandika shujaa wa Kibajuni, mwache kwanza. Mwandike adui.

Kielelezo kipo karibu. Mfalme wa Pate katika kisa cha shujaa Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utendi mwaka 1913, hana uchawi wala silaha ya ajabu. Ana hofu ya kunyang'anywa kiti, na ana subira. Kwanza anawatumia watu wa msituni wanaokula na Liyongo: kila mmoja apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo anayaangua makoma kwa mshale, miguu yake ikiwa chini. Mfalme anajaribu gereza, nalo linashindwa. Ndipo anapomwendea mtoto wa Liyongo kwa ahadi. Kila hila imezaliwa na kushindwa kwa ile iliyotangulia. Adui dhaifu hajifunzi kitu. Wiki ijayo atarudi na mtego ule ule na bunduki kubwa zaidi.

Tazama pia gereza lenyewe linavyovunjwa, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mwandishi mvivu angemsinzisha askari. Katika kisa hiki askari ni walafi: chakula kizuri anacholeta mjakazi Saada wanakila wao. Mama yake Liyongo anaoka mkate wa wishwa, tupa ikiwa ndani. Wanautazama, wanaudharau, wanaupitisha. Kisha sauti ya tupa inamezwa na ngoma ya gungu, ambayo Liyongo mwenyewe ameiomba kuwa haja yake ya mwisho. Bahati haikuingia popote. Mimi hushika kanuni hii: mabaya yamwangukie shujaa upendavyo, hata kwa bahati, ila mlango wa kutokea ufunguliwe na tabia ambayo mtazamaji ameshaiona.

Hata kifo cha Liyongo, sindano ya shaba kitovuni, kinatokana na siri anayoitoa kwa kinywa chake, kwa mwanawe, huku akitambua kuwa kijana ametumwa. Mlipuko gani utashinda hapo?

Sasa mlete adui huyo nyumbani. Usimvike kofia ya chuma wala usimpe kicheko kirefu. Mpe barafu. Tuseme ni tajiri anayewakopesha wavuvi mashine, petroli na barafu, kisha kamba wote wauzwe kwake kwa bei yake. Bila yeye kamba wanaoza. Akiwepo, hakuna amalizaye deni. Shujaa akilivunja ghala lake, kesho yake kisiwa kizima kinamlaani shujaa. Au chukua mkaa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa Somalia kutoka nje ya nchi, na magunia yakaendelea kupakiwa. Jiulize nani anakula katika kila gunia: mchomaji, dereva, mlinzi wa kizuizi, kuli, nahodha. Mtu anayelisha watu wote hao haanguki kwa ngumi.

Kuhusu njama, iulize bahari. Visiwa vyetu vimejipanga sambamba na pwani. Ndani maji yametulia, nje ya mwamba ni habari nyingine. Kusi likikaza, mashua ndogo haitoki kwa sababu tu kipindi kinahitaji mbio za usiku. Katika rasimu, juu ya kila sini, andika ni mwezi gani, na ni bamvua au maji mafu. Adui anayejua kuwa alfajiri maji yatakupwa na boti ya shujaa itakaa mchangani anatisha kuliko mwenye mtambo wa miale. Na kama shujaa anaruka angani, mwekee mpaka tangu kipindi cha kwanza. Labda nguvu zake hazivuki maji ya chumvi, na kila kivuko kitamtoa jasho.

Kabla ya yote, chukua daftari uandike siku 7 za adui bila kumtaja shujaa hata mara moja: amelala wapi, amemlipa nani, nani amemsaliti. Ukifika siku ya nne ukamkuta amekaa tu akimsubiri shujaa aje, rudi siku ya kwanza.